Mti wa Tawi

Mtu aliyenifundisha kukata tawi la mti ndiye niliyemtoa kazini kwa barua. Barua ilikuwa na mistari sita. Nimesahau barua nyingi nilizowaandikia watu niliowapenda, lakini ile naikumbuka neno kwa neno.

Nilikuja Sumbawanga nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kozi fupi ya misitu. Nilikuwa na suruali mbili na kitabu kimoja cha kozi, tena nilikuwa na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila mtu anaitwa Ndugu, na kijana aliyefika kidato cha nne alionekana kama daraja la kuvukia taifa zima. Niliwekwa chini ya afisa wa misitu, ambaye watu wote walimwita Bwana Miti. Kazi yangu ilikuwa kusimamia kikundi kidogo cha kutunza miti ya mjini.

Asiyeijua Ufipa huenda akajiuliza miti ya mjini ilihitaji kutunzwa kwa nini. Uwanda wetu ni wa nyasi. Upepo wa kuanzia Juni mpaka Agosti unatoka mbali na haukuti cha kuuzuia. Miti tuliyokuwa nayo mjini ilipandwa na watu kwa mkono: mikaratusi kando ya barabara, migrevilea mbele ya maduka, mijakaranda kwenye ofisi na shule. Ilikuwa inahesabika. Tawi likianguka juu ya paa la mtu, kesho yake wanakuja kumi wakitaka miti yote ikatwe. Kwa hiyo tulizunguka na ngazi, kamba ya katani, misumeno miwili na shoka, tukipunguza matawi yaliyoegemea mapaa na nyaya za simu, tukiondoa yaliyokauka, tukitibu vidonda. Watu walituita wakata miti. Jina hilo lilimuudhi sana mpandaji wetu, aliyekuwa akikwea mitini na msumeno.

"Mkata miti ni yule wa mkaa," alikuwa akisema. "Mimi nainyoa ndevu tu."

Mpandaji huyo alikuwa mtu wa makamo, kwao Ilemba, chini bondeni, lakini ujana wake wote aliutumia juu huku akipasua mbao kwa msumeno wa kuvutana. Alikuwa kibarua. Alikuwa amekuwa kibarua kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimekaa shuleni. Mwaka huo ninaousimulia, Bwana Miti alikuwa ameliweka jina lake katika orodha ya watakaoajiriwa moja kwa moja, na mpandaji alikuwa akiulizia orodha hiyo kila Jumatatu, kwa adabu, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Wa tatu katika kikundi chetu alikuwa mshika kamba, mtu wa mjini, wa ukoo wa wenye maduka. Hakupenda kukaa dukani na alipenda maneno. Mimi waliniita Karani.

Mafunzo yangu ya kweli niliyapata chini ya mgrevilea mmoja mbele ya duka. Nilikuwa nimeamuru tawi nene likatwe kutoka juu kwa mkato mmoja, kama nilivyofikiri mwenyewe. Mpandaji alinisikiliza, akapanda, akakaa kwenye panda ya mti, akaniuliza kutoka huko juu:

"Karani, unataka tawi au unataka na ngozi ya mti?"

"Nataka tawi."

"Basi tazama."

Akakata kwanza kwa chini, kina cha vidole viwili tu, umbali wa mguu mmoja kutoka kwenye shina. Kisha akakata kwa juu, mbele kidogo ya pale, na tawi likavunjika kwa uzito wake lenyewe, likabaki linaning'inia kwenye kamba ya mshika kamba bila kuchana hata uzi wa gome. Kilichobaki kikawa kisiki cha tawi. Hapo aliweka msumeno begani, akapitisha kiganja polepole pale tawi linapotokea kwenye shina. Pana uvimbe kidogo pale, na gome lina mikunjo. Yeye alipaita shingo.

"Ukikata ndani ya shingo, umeuchinja. Ukikata mbali na shingo, umeuachia mfupa uoze. Kata hapa, mti wenyewe utafumba."

Kitabu changu kilisema kidonda kipakwe lami. Nilikuwa na kopo la lami na brashi. Mpandaji alishuka akaniangalia ninavyopaka.

"Wewe ukijikata kidole unapaka lami?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, mzee."

"Kitabu kimetoka kwenye mti," mshika kamba akadakia, "lakini hakijawahi kuota hata jani moja."

Walicheka, nami nikaendelea kupaka. Nilipaka lami mitaa mizima ya mji ule. Miaka baadaye nilizibandua baadhi ya lami zile kwa kisu nikakuta chini yake ungaunga na maji, wakati vidonda alivyoviacha yeye wazi vilikuwa vimejifunga kama kifundo cha kanga. Lakini hilo ni kosa la ujinga, na ujinga nimejisamehe.

Mpandaji hakujua kusoma. Kila asubuhi Bwana Miti alinipa kazi kwa mdomo, mimi naziandika kwenye vipande vya karatasi kwa penseli, navisoma kwa sauti, wao wanakwenda. Jioni karatasi inarudi, inachomekwa kwenye waya uliosimama mezani, ili ijulikane kazi fulani imefanyika. Mpandaji aliitunza karatasi ya siku ndani ya kofia yake, imekunjwa mara nne, na hakuwahi kupoteza hata moja.

Ndipo kilipokuja kisomo cha watu wazima. Mpandaji alijiandikisha siku ya kwanza. Alikuwa anakwenda jioni kwenye shule ya msingi, anakaa kwenye dawati la mtoto, magoti karibu yaguse kidevu. Baada ya miezi kadhaa alianza kutuchosha. Hakupita mahali penye maandishi bila kusimama. Mfuko wa mbolea: m-bo-le-a. Mlango wa duka: du-ka la u-shi-ri-ka. Mshika kamba alimwambia:

"Mzee, tukikupitisha makaburini hatutarudi nyumbani leo."

"Nitawasoma wote," akajibu. "Wamenisubiri sana."

Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa msomi yeyote. Asubuhi moja niliponyanyua karatasi kuisoma kama kawaida, alininyoshea kiganja.

"Karani, leo usinisomee. Nipe."

Nikampa. Akasoma, kidole chini ya maneno, mdomo unatembea, jasho linamtoka katika baridi ile. Alisoma sawa. Nilimpigia makofi, na nilifurahi kwa dhati, ingawa sehemu ya furaha ile ilikuwa ya kujiona mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Tangu siku hiyo sikuwasomea tena. Nilikuwa naacha karatasi juu ya meza, naye anaichukua mwenyewe.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Miaka ile, mtu akisema tawi, jambo la kwanza lililokuja kichwani halikuwa mti. Lilikuwa tawi la Chama. Mshika kamba alikuwa na utani wake juu ya hilo.

"Nchi nzima wameifanya mti. Kuna shina, kuna tawi, halafu kuna kata. Sisi watatu tukikosea neno moja tumepindua serikali."

Tulicheka. Milanzi, kando ya mji, palikuwa na ofisi ya tawi, na mbele yake palisimama mjakaranda ambao wanachama waliupanda wenyewe wakati wa uhuru. Mikutano ilifanyika pale, bendera ilipepea pale, na watu wote waliuita mti wa tawi. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo palikuwa na mashine ya kusaga, na juu ya paa lake tawi moja la mkaratusi lilikuwa limepasuka kwa upepo, linaning'inia.

Jioni moja Bwana Miti, akiwa amekwisha kupanda Landrova kuelekea safarini, alinitolea kichwa dirishani.

"Kuna tawi la mti, Milanzi, pale mashineni. Lishushwe kesho kabla halijaua mtu."

"Sawa, mzee."

Nilirudi mezani kuandika. Lakini akili yangu haikuwa pale. Nilikuwa nimesikia kwamba duka la ushirika limepokea matairi ya baiskeli, na kwamba asiyekuwa kwenye foleni kabla ya jua kuchomoza asijisumbue. Baiskeli yangu ilikuwa imekaa bila tairi miezi mitatu. Nikachukua penseli, nikaandika haraka, nikaiacha karatasi mezani kwa ajili ya asubuhi, nikafunga ofisi.

Niliandika hivi: Milanzi. Kata mti wa tawi.

Maneno yaligeuka tu mkononi. Sikuwa na sababu nyingine, na nimeitafuta.

Kesho yake ufunguo niliuacha kwa mlinzi, nikawa kwenye foleni. Yaliyotokea Milanzi niliyapata baadaye kwa mshika kamba. Mpandaji aliusimamia mjakaranda ule muda mrefu bila kufungua kamba. Aliusoma mwandiko wangu mara tatu, mara ya tatu akiwa ameibandika karatasi kwenye shina la mti wenyewe ili isitikisike na upepo. Akasema mti ni mzima, hauna kidonda, hauna uozo, haumwegemei mtu. Akasema, "Lakini Karani ameandika mti." Hakuridhika. Alimtuma mshika kamba arudi ofisini kuniuliza. Mshika kamba alitembea mpaka mjini, akakuta ofisi imefungwa, akarudi. Katibu wa tawi alikuwa kijijini kwenye shughuli za Chama. Hapakuwa na wa kuuliza.

Wakaukata. Na kwa kuwa uwanda wetu hauna kuni, akina mama walitokea kila upande kabla haujatua chini. Baada ya muda mfupi hapakuwa na kitawi hata cha kuchokonolea meno. Lilibaki gogo, na mlingoti wa bendera umesimama peke yake kwenye jua.

Mimi nilipata tairi. Nilifika ofisini mchana nikiwa nimelivaa begani, na mpandaji alikuwa amekwisha kurudi. Karatasi ilikuwa kwenye waya. Aliniambia:

"Karani, tumefanya. Ila roho yangu haikupenda. Mti ule ulikuwa bado mtoto."

"Mti gani?"

"Mti wa tawi."

Nikaangalia karatasi kwenye waya, nikaona mkono wangu ulivyoandika. Ningeweza kusema hapo hapo. Palikuwa na watu wawili tu chumbani, na mmoja wao alikuwa ananipenda. Nilisema, "Haya, mzee, nenda kapumzike."

Ukifikiria miaka ile utaelewa hofu yangu, ingawa siitetei. Kukata mti wa Chama halikuwa jambo la kulipa faini. Lingeweza kuitwa hujuma. Mimi nilikuwa kijana, nimesomeshwa na umma, na mbele yangu kulikuwa na chuo ambacho Bwana Miti aliahidi kuniombea nafasi. Nilikaa peke yangu mezani. Nikaichomoa ile karatasi kwenye waya. Nikakata kipande kingine kutoka daftari lile lile, nikachukua penseli ile ile, nikaandika: Milanzi. Kata tawi la mti. Nikaikunja mara nne, kama ilivyokuwa ikikunjwa kwenye kofia. Nikaipaka vumbi la dirishani. Nikaichomeka kwenye waya, na ile ya kwanza nikaitia kwenye jiko la mkaa la mtu wa chai.

Bwana Miti alirejea siku ya pili, na katibu wa tawi alikuwa anamsubiri mlangoni. Tuliitwa wote watatu. Katibu alikuwa mtu mwenye haki ya kukasirika na alikasirika.

"Ndugu zangu, mti ule tumeupanda kwa mikono yetu. Nani aliwatuma?"

"Tulipewa karatasi," mpandaji akasema. Hakuwa na wasiwasi wowote. Aliinua kidole kuonyesha waya. "Ipo pale."

Bwana Miti akaichomoa, akaisoma kimya, akampa mpandaji.

"Hebu isome wewe mwenyewe, kwa sauti."

Mpandaji akaipokea kwa mikono miwili. Akaweka kidole. "Mi-la-nzi," akasoma, akatabasamu kidogo kwa katibu, kama mtu anayejua yajayo. "Ka-ta. Ta..." Akarudi nyuma. "Ka-ta ta-wi la m-ti."

Kidole kilibaki pale kwenye neno la mwisho.

"Jana haikusema hivi," alisema.

"Mzee, karatasi haigeuki," katibu akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika, maana alikwisha kuona ni jambo la mtu mzima na kisomo chake. "Huenda ulisoma haraka."

"Sikusoma haraka."

"Wewe unasemaje?" Bwana Miti akamuuliza mshika kamba.

Mshika kamba alikuwa hakutazama karatasi siku ile. Yeye alisoma madrasa, na herufi hizi za kwetu hakupenda kujisumbua nazo. "Mimi nilimsikia anasoma mti wa tawi," akasema. "Mara tatu. Karatasi yenyewe sikuishika."

Mpandaji aliinua karatasi karibu na macho, akaiweka mbali, akaigeuza nyuma. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikisubiri anigeukie aniambie, Karani, wewe ndiye uliyeandika, sema. Hakunigeukia. Haikumjia akilini kwamba karatasi inaweza kuwa nyingine. Aliirudisha mezani, akasema kwa sauti ndogo:

"Basi ni macho yangu."

Bwana Miti aliniambia niandike maelezo. Niliandika mistari sita. Nilieleza kwamba kibarua alipewa maagizo sahihi ya maandishi, kwamba kusoma kwake bado ni kwa kubahatisha, na kwamba aliyasoma maneno kinyume. Neno hilo, kinyume, nililichagua mwenyewe. Jina lake likatolewa kwenye orodha, na kibarua chake kikakoma mwisho wa wiki. Siku hizo mtu asiye na kazi mjini aliambiwa arudi kijijini kwake akalime, naye akashuka Ilemba. Alikuja kuniaga. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia, "Usisikitike, Karani. Ulijitahidi kunifundisha." Mwalimu wa kisomo aliniambia kwamba mpandaji alimrudishia kitabu na penseli kabla ya kuondoka, vyote vikiwa vimefungwa kwenye gazeti.

Nilikwenda chuo. Nilirudi na cheo.

Ilipita miaka saba ndipo nikashuka bondeni. Ilikuwa ile miaka ya uhaba, sabuni inatafutwa kama dawa. Nilibeba mche wa sabuni na kilo mbili za sukari, nikaomba nafasi kwenye lori la wafanyabiashara wa mjini lililokuwa linakwenda kuchukua mpunga. Mtu wa uwandani akishuka ule mteremko wa kwenda bondeni anavua koti njiani, kisha sweta, na akifika chini anatamani kuvua na ngozi. Mpandaji nilimkuta uani kwake anachonga mpini wa jembe. Alikuwa amekonda lakini mikono ilikuwa ile ile.

"Karani! Umezeeka kabla yangu!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Cheo kinakula watu, naona."

Alinikalisha. Akaniuliza habari za miti ya mjini, mmoja mmoja, kama mtu anayeuliza watoto wa ndugu yake. Mgrevilea wa mbele ya duka je? Umefumba kile kidonda? Na mkaratusi wa mashineni, nani alilishusha lile tawi? Mkewe alileta uji wa ulezi, akakaa nasi, na alikuwa mwanamke wa utani.

"Ulipokuwa naye mjini alikuwa anasoma kweli huyu?" aliniuliza. "Maana hapa hata karatasi ya mkutano wa kijiji anampa mtoto wa jirani. Ukimwuliza, eti macho yake yanasoma kinyume. Nikimtuma dukani namwambia asije akaninunulia chumvi kinyume."

Mpandaji alicheka naye, kicheko cha mtu aliyeuzoea utani huo.

"Tena si yeye tu," mkewe akaendelea. "Huyu binti yetu hapo, aliyeolewa nyumba ya pili, aliacha shule darasa la nne. Mwalimu akaja hapa kumfuata. Unajua baba yake alisema nini? Alisema, mwacheni. Herufi zinaweza kukukubali jana zikakukataa leo. Ziliniharibia kazi, zitamharibia na yeye."

Nilikuwa nimeshuka na maneno yangu yamepangwa vizuri, na yote yakapotea. Nilisema tu: "Mzee, siku ile ulisoma sawa."

"Siku gani?"

"Ya mti. Niliandika vibaya mimi. Halafu nikabadilisha karatasi."

Aliweka mpini chini.

"Sema iliandikwaje."

"Kata mti wa tawi."

"Na mimi nilisoma nini?"

"Hivyo hivyo."

Nilitegemea hasira, na nilikuwa nimejiandaa kuipokea. Yeye akasimama, akaenda mpaka ukingoni mwa ua, akamwita binti yake kwa sauti kubwa. Alikuja akiwa na mtoto mgongoni na unga mikononi.

"Karani, mwambie na huyu. Mwambie kama ulivyoniambia."

Nikarudia. Nilirudia yote, foleni ya tairi, jiko la mtu wa chai, mistari sita. Mkewe alikuwa ameshika mdomo. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akimtikisa mtoto ili asilie.

"Kwa hiyo baba alijua kusoma?"

"Alijua."

Akamgeukia baba yake. "Na mimi ukaniacha niache."

Mpandaji akanitazama mimi, naye binti akanitazama, na nikaelewa kwamba neno lile mimi ndiye niliyepaswa kulijibu.

Nililala pale usiku huo kwa kuwa lori lilikuwa linaondoka asubuhi. Sabuni waliichukua. "Sabuni hatutairudisha," mama alisema bila utani, "tunaihitaji." Asubuhi mpandaji alinisindikiza barabarani. Hakusema amenisamehe na sikumwuliza. Alisema jambo moja.

"Ofisini watu wale wapo?"

"Bwana Miti amehamishwa. Katibu yupo. Faili lipo."

"Basi waambie. Sitaki kazi, mimi ni mkulima sasa. Nataka kule waliponiambia karatasi haigeuki, waambiwe iligeuka."

"Nitawaambia, mzee."

"Lini?"

"Nikifika tu."

Nilifika. Mwezi huo walikuwa wanapitia majina ya kupandishwa vyeo, na langu lilikuwamo. Nikasema, wakimaliza. Walipomaliza nilikuwa na ofisi yangu yenye pazia, na katibu yule tulikuwa tukikaa meza moja kwenye vikao. Nikasema, nitatafuta wakati mzuri. Mara mbili nililitoa lile faili kabatini. Barua yangu ilikuwamo, na ile karatasi ya uongo imebanwa nyuma yake, imekunjwa mara nne. Mara zote mbili nililirudisha. Nilijiambia kwamba la maana nimelifanya, nimemwambia mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye haki. Lakini mwenyewe alikuwa ameniambia anachokitaka, tena kwa Kiswahili rahisi, na hakikuhitaji hata nipande lori.

Msimu wa mvua wa mwaka uliofuata karani wangu aliniambia kuna mgeni. Alikuwa binti yule, amekuja na lori la mpunga, mtoto sasa anatembea mwenyewe ameshika kanga ya mama yake. Nilisimama, nikavuta kiti. Hakukaa.

"Ulishawaambia?" aliniuliza.

Ningeweza kumdanganya, na pengine asingejua. "Bado," nikasema. "Wiki hii nitakwenda kwa katibu."

"Nimekuja kukuambia usijisumbue tena. Baba tumemzika mwezi uliopita."

Nilianza kusema pole. Alikuwa amekwisha kumshika mtoto mkono. Aliniambia lori linaondoka saa nane na hakutaka kuachwa, akatoka, na nikawasikia wakishuka ngazi polepole kwa sababu ya miguu mifupi ya mtoto. Mezani palikuwa na orodha ya vibarua wapya ikisubiri sahihi yangu. Nilikaa, nikatia sahihi.